Mdomo wa Mama Mkwe

Siku ya kwanza Daktari Bonareri aliwaonyesha wanafunzi wake watatu picha moja tu. Mdomo wa mtu umefunguliwa mpaka mwisho, ulimi uko nje, na pale kando ya ulimi kuna kitu cheupe. Akawaambia waandike ni ugonjwa gani. Halafu akakusanya zile karatasi akasoma kwa sauti, polepole, hana haraka na mtu.

Sheila alikuwa ameandika ni kuvu, ile ya watoto wachanga. Maroa alikuwa ameandika jino limekwaruza ulimi. Byron Oyaro yeye aliandika inaweza kuwa saratani, na akapiga mstari chini yake.

"Mtu ni mmoja," Daktari akasema. "Akija kwa Sheila anapewa dawa ya kuvu. Akienda kwa Maroa anasuguliwa jino. Akienda kwa Byron anarudi nyumbani kugawia watoto shamba. Na mdomo ni ule ule, haujabadilika. Sasa ni nyinyi nitume mkahesabu magonjwa ya mdomo ya Migori na Homa Bay?"

Maroa akakohoa.

"Na jibu ni gani, Daktari?" Sheila akauliza.

"Ni ugali. Huyo ni ndugu yangu, nilimpiga picha akikula."

Sheila alicheka mpaka akashika meza. Byron pia alicheka, lakini ilimuuma kidogo, kwa sababu yeye si mtu wa jana kwa hii kazi. Kama umewahi kung'olewa jino pale Suna hii miaka ya karibuni, kuna uwezekano mkubwa ni Byron alikushika kichwa. Mrefu, mikono mikubwa, sauti ya chini. Mtu anaingia analia, anatoka ameshika shavu anamwambia asante.

Na ndio shida ilikuwa hapo. Byron alikuwa amechoka na kung'oa. Watu wanakuja wakati jino limeshaoza mpaka mzizi, unatoa, unasema pole, unaita mwingine. Kila siku anafika wakati mambo yameisha. Hii kazi mpya ilikuwa ya kufika mapema: kuzunguka nyumba kwa nyumba kaunti zote mbili, kuangalia midomo ya watu ambao bado hawaumwi, na yule ako na kitu kibaya anapelekwa hospitali kabla hajajua hata ni kibaya. Byron aliitaka hii kazi mpaka chakula kilikuwa hakishuki. Na Liz, bibi yake, alikuwa ameshaambia kanisa lote.

Lakini Daktari Bonareri hakuwa mtu wa kupewa salamu za kanisa. Mama mfupi, miwani imefungwa na kamba shingoni, viatu vya raba, na akikuangalia unajikuta umekaa vizuri.

"Masharti ni haya," aliwaambia hiyo siku ya kwanza. "Macho yako lazima yalingane na yangu. Na lazima yalingane na yako mwenyewe, yaani kitu uliita kidonda asubuhi usikiite mkwaruzo jioni. Ambaye hatalingana haendi, hata kama tunatoka kijiji kimoja. Na kama kuna mdomo wowote unaogopa kuangalia, wa mlevi, wa mgonjwa, wa chifu, sema leo urudi nyumbani kwa amani. Hii kazi haina mdomo wa kuruka."

Hakuna aliyeinua mkono. Byron aogope mdomo? Mtu ameshawahi kung'oa jino la msee amelewa chang'aa, anajaribu kumuuma vidole, na huku anaimba?

Basi wakaanza. Na manze, huyo mama alikuwa anajua kufundisha. Kila mdomo una njia yake, na njia ni moja. Unaanza na midomo ya nje, unaingia shavu la kulia, la kushoto, ufizi, ulimi juu, ulimi kando, chini ya ulimi, halafu unamalizia na dari ya mdomo, ile watu wa vitabu wanaita kaakaa. Ukiona kitu cheupe unakipangusa kwanza, usije ukapeleka ugali hospitali. Hata kama umeona kidonda kikubwa pale mlangoni, unamaliza safari yote.

"Ng'ombe wa maziwa," alikuwa anasema, "anapita njia yake ile ile hata kama nyasi iko kando."

Na hakuna kuongea na yule mtu. Hiyo ndiyo sheria alikuwa anaikazia kuliko zote. "Ukijua huyu ni mvutaji, utaona moshi hata mahali hakuna. Kwa hivyo hakuna jina, hakuna habari ya nyumbani, hakuna umeshindaje mama. Salamu ya kichwa, fungua, angalia, sema jibu, basi." Karani anakaa kando na kalamu, anaandika vile umesema. Baadaye wale watu wanachanganywa, wanarudishwa mpangilio mwingine, unawaangalia tena, na hapo ndio unajijua kama unajikubali ama unabahatisha.

Kitu ilimshika Byron ni kwamba Daktari mwenyewe alikuwa anapanga laini na wao. Angeweza kukaa na chai akangoja kuwasahihisha. Lakini hapana, anavaa glovu, anaangalia, anatoka nje, watu wanachanganywa, anarudi. Na akikosea anasema mbele ya wote.

"Asubuhi huyu nilimwita kidonda," alisema siku moja, amesimama pale ubaoni. "Saa hii nimemwita mkwaruzo. Kati ya daktari wa asubuhi na daktari wa saa hii mmoja ni mjinga, na kwa bahati mbaya wote ni mimi." Akafuta alama yake mwenyewe na vumbi la chaki likamwangukia kwa sweta. Byron hajawahi kuona mkubwa akifanya hivyo. Wakubwa anaowajua, ukiwaonyesha kosa wanatafuta kosa lako.

Maroa naye alileta zake. Huyu Maroa ni Mkuria wa kutoka huko juu karibu na mpaka, mtu wa mzaha, na alikuwa ameamua kwamba kulingana ni kitu watu wanaweza kupanga. Akiona mdomo safi, anakohoa mara moja. Akiona kitu, anakohoa mara mbili. Siku nzima watu wakalingana vizuri sana.

"Maroa," Daktari akamwita jioni. "Hiyo kifua tuipeleke hospitali ama nikutoe nje ipate hewa?"

"Tulikuwa tunasaidiana, Daktari."

"Ndio vile ulipita mtihani?"

"Mimi na wengine, Daktari."

Sheila akaficha uso. Daktari hakucheka, lakini miwani ilitingika. "Mimi sitafuti watu wa kupatana. Nataka mwone. Huko Nyatike kila mtu atakuwa kwa boma yake, utakohoa na nani akusikie?" Akaweka mapazia kati ya meza, na kutoka hapo kila mtu akabaki na macho yake.

Na macho ya Byron yalikuwa fiti. Siku baada ya siku yalikaribia ya Daktari, mpaka Sheila akaanza kumwita kivuli. Ikabaki siku moja ya mwisho, na hiyo ilikuwa Kendu Bay, na watu wa kweli kutoka sokoni na ufuoni. Atakayelingana hapo ameingia.

Walipewa ukumbi wa kanisa. Wamama ndio walijaa, si unajua wamama wa Adventist wakiitwa na kiongozi wao hawachelewi, wamekaa kwa mabenchi na leso zao wanaongea kama maji. Byron alikuwa nyuma ya pazia lake, tochi imefungwa kwa kipaji, kioo kidogo mkononi. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Byron anabadilisha glovu, anasikia mtu amekaa kwa kiti, anainua macho.

Mama Benta. Mama yake Liz.

Sasa kama wewe si Mjaluo, elewa kwanza. Mama mkwe, maro, si mtu wa kukaribia hivyo. Unamsalimia kutoka mbali. Mkikutana njiani unampisha. Huli mbele yake, na yeye hali mbele yako. Kuna vijana wa siku hizi wameachana na hayo maneno, wanapiga selfi na mama wakwe zao, lakini si kwa boma ya Mama Benta. Tangu Byron amwoe Liz, mpaka mtoto wao Hawi anaenda shule, Byron hakuwa amewahi kuona meno ya huyu mama. Akicheka anageuka upande na kuvuta leso.

Na sasa amekaa mbele yake, magoti karibu yagusane, kwa kiti cha kufunguliwa mdomo.

Mama Benta naye alishtuka, nusu asimame. Hakuna mtu alimwambia ni nani atakuwa nyuma ya pazia. Alishusha macho mpaka sakafuni, mikono imekamata leso. Karani ako pale, kalamu iko tayari. Sheria inasema hakuna kuongea. Na maneno ya siku ya kwanza yakamrudia Byron: hii kazi haina mdomo wa kuruka.

Byron akatoa salamu ya kichwa. Mama akafungua mdomo, kidogo. Kioo kikaingia. Lakini macho ya Byron hayakuingia. Yalipita juu ya bega la mama yakaenda kwa kalenda ya ukutani, yakakaa hapo yakisoma siku za mwezi. Kioo kikazunguka kama kijiko kwa kikombe, kikatoka.

"Safi," Byron akasema. Sauti haikuwa yake.

Mchana watu walichanganywa, na kama vile ilipangwa, Mama Benta akarudi kwa pazia lake. Kalenda ilikuwa bado hapo. "Safi," Byron akasema tena.

Jioni, watu wakinywa chai nje, Daktari akawaita watatu ndani, akasimama mbele yao. Hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Byron. Midomo yote ya leo uko na sisi, hata ile ngumu ya yule mzee ako na mkwaruzo wa meno ya bandia. Isipokuwa mmoja. Huo mdomo Sheila ameona kitu kwa dari. Maroa ameona, mimi nimeona, na kila mtu ameona mara zote mbili. Wewe umesema safi, na mara ya pili ukasema safi tena. Unajikubali kabisa. Uko peke yako, lakini unajikubali."

"Omera, ndugu yangu, ulilala?" Maroa akamnong'oneza.

"Nataka kujua kwa nini," Daktari akasema. "Macho yako si ya kukosa kitu kama hicho."

Byron akaangalia viatu. Maroa, rafiki wa kweli, akarukia. "Daktari, ni tochi. Mimi niliona tochi ya Byron inafifia. Betri ya hizi vitu ni noma."

"Ni tochi?" Daktari akamuuliza Byron. "Kama ni tochi inaeleweka. Utapewa watu wengine kesho, tumalize."

Hapo ndipo mlango ulikuwa umefunguliwa kabisa, pamoja na zulia. Neno moja tu, tochi, na Byron ameingia kazini. Na akisema ukweli? Atakuwa amesema kwamba kuna mdomo anaogopa, na Kendu Bay yote kila boma iko na mama wa ukoo wa Liz. Nani atampeleka mtu kama huyo nyumba kwa nyumba? Akafungua mdomo kusema tochi.

Kabla hajasema, mlango ukagongwa. Ni yule kiongozi wa wamama. "Daktari, samahani. Kuna mama umemwambia aende hospitali kubwa akakatwe kipande kwa mdomo kiangaliwe. Amekataa. Anafunga kikapu aende nyumbani."

"Amekataa kwa nini?"

"Anasema kuna daktari mrefu amemwangalia mara mbili, na mara mbili amesema ako safi. Anasema huyo ndiye anaamini, anatoa meno Suna, watu wote wanamjua. Nyinyi wengine hajui ni akina nani."

Byron alisikia masikio yake yakipata moto. Huyo mama hata hakusema ni mkwe wake. Alisema tu anamwamini.

"Daktari," akasema. "Tochi iko sawa. Sikuangalia. Yule ni maro."

"Mama ya Liz?" Sheila akaruka. "Yawa, Byron!"

"Mama mkwe?" Maroa akashika kichwa. "Wacha. Kwetu ningetoka na dirisha, na pazia ningebeba."

Daktari Bonareri alivua miwani, akaifuta na sweta, akairudisha. Yeye ni Mkisii, na hata kwao hakuna mtu anahitaji kufundishwa vile mtu na mama mkwe wanaishi.

"Ulisema huogopi mdomo wowote."

"Sikujua atakaa kwa hiyo kiti, Daktari."

"Na ukamwona amekaa, ukanyamaza."

"Ulisema hakuna kuongea. Na ulisema mwenye kuogopa arudi nyumbani."

Daktari akaitikia na kichwa. "Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye nilifunga mlango, halafu nimesimama hapa nauliza kwa nini hukutoka. Hilo ni kosa langu na nitalirekebisha. Lakini jibu lako linabaki vile ulilisema. Sitalifuta, ukinielewa. Leo hujalingana."

"Naelewa."

"Sasa nenda nje. Huyo mama hanisikii mimi."

Mama Benta alikuwa kwa varanda ya ukumbi, kikapu tayari. Byron akasimama mbali, vile inatakiwa, akageuza uso upande kidogo. Wakaongea Kijaluo, kila mtu akiongea na ukuta wake.

"Mama."

"Baba Hawi."

"Ile kitu nilisema ndani. Usiishike. Sikukuangalia."

"Ulishika kioo."

"Nilishika kioo, Mama. Macho yalikuwa kwa kalenda."

Halafu mabega ya Mama Benta yakaanza kutingika. Akavuta leso mdomoni. "Na mimi sikukufungulia," akasema. "Nilifungua kidogo tu, kama mtu anaonja uji kama uko moto."

"Wale wengine uliwafungulia?"

"Wale nimewapea binti?"

Sheila, ambaye alikuwa amewafuata na akasimama kwa mlango, ilibidi arudi ndani acheke.

"Lazima uende hospitali, Mama."

"Kwa maneno ya watu siwajui? Wewe ukiona kitu useme nenda, nitaenda. Lakini hujaona."

"Nitaonaje?"

Mama Benta akafikiria. Ni mama anayelea wajukuu na kukausha samaki na kuongoza maombi ya Jumatano, hawezi kukosa njia. Akavua leso ya mabegani, akaikunja. "Mwite yule msichana anayecheka. Anifunge macho na hii, na pua yote afunike. Mimi sitakuona, na wewe hutaniona. Kitabaki mdomo. Mdomo peke yake hauna mkwe."

Basi ikawa hivyo. Akakaa kwa kiti hapo varandani, Sheila akamfunga leso kutoka kipaji mpaka juu ya mdomo, vizuri kabisa. Byron akavaa glovu mpya. Daktari na Maroa walisimama mbali.

Mama Benta akafungua mdomo. Safari hii alifungua wote.

Byron akaanza njia yake. Midomo. Shavu la kulia, shavu la kushoto. Ufizi. Ulimi juu, kando, chini. Alipofika hapo kichwa kilikuwa kimetulia, akasahau ni nani, akabaki na kazi. Akageuza kioo kuangalia juu.

Dari yote ilikuwa nyeupe, imekauka na kupasukapasuka kama ukuta wa chokaa wa zamani, na vidoti vyekundu hapa na pale. Akapangusa, haikutoka. Na nyuma kidogo, upande wa kushoto, kulikuwa na kiraka chekundu, laini, ambacho hakikufanana na hiyo nyingine yote. Hicho ndicho wenzake walikuwa wameona. Mtoto angekiona. Byron akakiangalia mpaka alikuwa na uhakika, akatoa kioo.

Na hapo akajua kitu kingine. Huko Karungu alishaona wamama wa samaki, wazee, wakivuta sigara imegeuzwa, moto uko ndani ya mdomo. Mdomo wa hivyo ndio unakuwa na dari kama hii. Lakini Mama Benta? Mwadventisti wa Sabato kwa Sabato, asiyegusa hata chai ya majani?

Kule mwisho wa varanda wamama wa kanisa walikuwa wamenyamaza, masikio yamesimama. Byron akapunguza sauti.

"Mama, hapa juu moto umefika. Labda ni ule moshi wa kukausha samaki."

Mama Benta alikuwa bado amefungwa macho. Labda ndio maana aliweza kusema. "Si moshi wa samaki, Baba Hawi."

"Sawa, Mama."

"Upepo wa ziwa unazima. Na majivu yanaanguka kwa samaki ya watu. Ukiweka moto ndani, hakuna kuzima, hakuna majivu, na hakuna mtu anaona. Moshi yako inaenda na ya samaki." Akameza mate. "Pastor alikuwa anapita hapo kila siku, ananiambia pole Mama Benta, moshi ya hii kazi itakumaliza."

Sheila akauma mdomo wake wa chini mpaka ukawa mweupe. Byron hakucheka. Alikuwa anafikiria huyu mama, miaka yote hiyo, ameficha mdomo kwa kanisa lote, na leo kwa sababu ya kioo cha mkwe amesema.

"Ndio maana hukutaka kunifungulia," akasema.

"Mkwe aone mama ya bibi yake anavuta? Afadhali nikatwe hicho kipande." Halafu akauliza polepole, "Ni kibaya?"

"Sijui, Mama. Hakuna mtu anaweza kujua kwa macho. Ndio maana wanakata kidogo waangalie. Lakini nimekiona, na si cha kuacha. Nenda."

"Ukisema niende, naenda. Usimwambie Liz ya moto."

"Hiyo utasema mwenyewe."

"Nitasema mwenyewe," akakubali, na akanyoosha mkono Sheila amfungue leso, na Byron akageuka akatembea mpaka mwisho mwingine wa varanda kabla hajafunguliwa.

Daktari alimkuta hapo akivua glovu. "Umeona nini?"

Byron akamwambia, sehemu kwa sehemu. Neno kwa neno ilikuwa vile Daktari mwenyewe alikuwa ameona.

"Hiyo haihesabiki," Daktari akasema. "Ulikuwa unajua kuna kitu."

"Najua, Daktari."

"Jumatatu tutakuwa Karungu. Watu wapya, midomo mipya. Wote watatu mtarudia, hata mimi, kwa sababu hata Maroa labda amekwepa mtu na hajasema."

"Daktari, mimi!" Maroa akalia.

"Hata wewe. Na kutakuwa na swali moja mlangoni, karani ataliuliza kabla mtu hajakaa: kati ya hawa, kuna mkwe wako ama mtu unamheshimu hivyo? Akiwa hapo, anapelekwa kwa pazia lingine. Ningekuwa nimeliweka tangu mwanzo." Akasema hiyo vile alivyosema ile ya mkwaruzo, bila kutafuta mtu wa kulaumu, na Byron akafikiria kwamba hata akikosa hii kazi atakuwa amefundishwa na mtu.

Karungu ikawa ni Karungu, jua na harufu ya omena, dagaa wa ziwani. Swali la mlangoni likaulizwa. Mzee mmoja akaangalia wote akanyoosha kidole kwa Sheila, ati huyo ni mtoto wa dada yake na hawezi kumwonyesha pengo, akapelekwa kwa Maroa. Mama mwingine akasema hana mkwe hapa lakini hataki kuangaliwa na mtu amenyoa ndevu vibaya, na Maroa akamkosa huyo. Byron aliangalia kila mdomo kama ndio wa kwanza. Mchana akaangalia tena. Hakuna kalenda ukutani, na hata kama ingekuwako.

Jioni Daktari akasoma. "Sheila, umelingana. Maroa, umelingana, na hakuna kikohozi." Akageuza karatasi. "Byron. Umelingana na mimi, na umelingana na wewe mwenyewe. Utaenda upande wa Migori. Kendu Bay nitampeleka Maroa, hana mkwe huko."

"Bado, Daktari," Maroa akasema. "Lakini kuna msichana nilimwona pale kanisani."

Mama Benta alienda hospitali kubwa na Liz. Walikata kipande. Majibu yalichukua muda mrefu wa watu kukosa usingizi, halafu yakaja: hakijageuka kuwa saratani, lakini kilikuwa njiani. Wakakitoa chote, wakamwambia moto ukome, na kila baada ya miezi kadhaa arudi aangaliwe. Liz alirudi nyumbani akaketi, akamwangalia Byron kwa muda. "Kumbe ulijua mama anavuta," akasema. Byron akasema yeye alijua dari tu.

Kazi ilianzia Nyatike. Boma ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mzee anayechambua mahindi kwa mlango, kuku wanamzunguka. Byron akasalimia, akaeleza wametoka wapi, mama akakubali, akavutiwa kiti. Byron akavaa glovu, akawasha tochi, halafu akakumbuka.

"Mama, kabla sijaangalia. Mabinti wako wameolewa wapi?"

Yule mama akamwangalia kutoka viatu mpaka tochi ya kichwa.

"Kwani unatafuta bibi?"